Tulimzika Mama wa Kiti kwa Sura ya Meneja

Prezida wa jamii yetu alijipiga kifua mbele ya jeneza, kanisani Houston, akasema kwa sauti ya kilio, "Hii sura! Hii sura sitaisahau mpaka siku ya kufa kwangu!"

Sura aliyokuwa akiipiga ilikuwa imechapwa kwenye fulana yake. Ilikuwa kwenye fulana zetu sote, sisi Wakongomani tuliotoka Haltom City na vani mbili kuja kumzika mwanamke Mweusi wa Marekani aliyetupigania kuliko ndugu wa tumbo moja. Na mwenye sura hiyo alikuwa amekaa benchi la tatu, mzima wa afya, amevaa kofia ya zambarau, anajipepea kwa karatasi ya ibada.

Hakuwa marehemu. Alikuwa meneja wa nyumba tunazopanga, ametumwa na kampuni yake na shada la maua. Yule yule ambaye marehemu alipambana naye mpaka nguvu zikamwishia.

Mimi nimekimbia risasi Kongo. Nimelala porini na mtoto mgongoni, nikaishi kambini Tanzania mpaka yule wa mgongoni akanipita urefu. Kote huko sikuwahi kuiomba ardhi inimeze, maana nilitaka kuishi. Siku ile niliiomba. Nililitazama zulia la kanisa, jekundu, limefagiwa vizuri, nikaliambia moyoni: funguka. Halikufunguka. Marekani kila kitu kinajifungua chenyewe, milango ya maduka, mabomba ya maji, isipokuwa siku unayokihitaji.

Naandika kwa sababu kwenye grupu letu la simu kumejaa maneno, na mengi ni uongo. Sikusoma sana, vita ilifunga shule yetu nikiwa la nne. Sitataja majina. Nitataja vyeo, na kila mwenye cheo ajitambue.

Tulimwita Mama wa Kiti kwa sababu siku ya kwanza alipobisha mlangoni kwangu alikuwa na kiti cha chuma cha kukunja kwapani. Ilikuwa kiangazi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba sinunui.

Akacheka. "Sikuuzii, beibi. Nimekuja kukaa."

Akakikunjua kiti katikati ya sebule yangu, akakaa. Baada ya muda mfupi jasho likaanza kumtiririka mpaka kwenye miwani. Akamuuliza binti yangu, "Humu ndani kuko hivi tangu lini?"

Binti yangu akanitafsiria. Nikasema, "Tangu tuje."

"Na hamkusema?"

Tuseme nini? Tulijua Texas ni joto. Tulidhani wakati wa kiangazi joto linaingia ndani kukaa na watu, ndiyo sheria ya nchi. Kile kisanduku cha ukutani chenye namba, kumbe ni cha kuwashia kiyoyozi, tulidhani ni saa iliyoharibika. Jirani yangu alikuwa ameshakitundikia rozari.

Mama wa Kiti aliangalia rozari, akaangalia kisanduku, akajifuta uso kwa kitenge changu kilichokuwa juu ya kochi. Akasema, "Vaa viatu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia ofisi ya meneja kwa mara ya kwanza bila kuwa nimeitwa. Alitufundisha kazi yake, ya kutetea wapangaji, huko huko, akiifanya. Alisema ukisimama ofisini watakwambia subiri pembeni. Ukikaa kwenye kiti chao watakwambia ofisi inafungwa. Lakini ukija na kiti chako mwenyewe hawajui wakwambie nini, maana hicho hakimo kwenye sheria zao. Akakiweka kati ya mlango na meza ya meneja, akatoa karanga za kuchemsha kwenye mkoba, akaanza kula. Maganda alirudisha mkobani, moja moja. Hakuacha uchafu hata chembe, ili wasipate la kumtolea nje.

Meneja alimtazama kwa tabasamu lake. Huyo dada ana tabasamu. Ukimwambia choo kimefurika, anatabasamu. Ukimwambia mtoto ameumwa na panya, meno yote nje. Nadhani ndilo lililompa kazi.

"Naweza kukusaidia?" akauliza.

"Ndiyo maana niko hapa," Mama wa Kiti akasema, akapasua karanga.

Kiangazi kile chote tulikwenda. Mara tukaongezeka, kila mtu na kiti chake, wengine na vigoda, mama mmoja na ndoo aliyoipindua. Kuna wiki Mama wa Kiti alichapisha sura ya meneja kwenye karatasi kubwa, chini yake swali: "Nyumbani kwake kuna baridi?" Tukasimama nazo getini, sura ya meneja kifuani mwa kila mmoja, magari yakipita yanapiga honi. Hapo, kwa mara ya kwanza, tabasamu lilimpotea.

Ikumbukwe hiyo. Nitairudia.

Sasa, sisi tuna prezida. Wakongomani wawili wakikutana ugenini kwanza wanachagua prezida, halafu ndipo wanaulizana majina. Wetu anaishi DeSoto, nyumba ya matofali yenye gereji ya magari mawili, na kiyoyozi chake kinafanya kazi mpaka wageni wanaomba blanketi. Getini kwetu hakuwahi kusimama. Ofisini hakuwahi kukaa. Tukimpigia simu alikuwa njiani. Mtu anaweza kuwa njiani kutoka DeSoto kiangazi kizima.

Siku viyoyozi vilipofungwa, vipya, kwenye maboksi, meneja alitaka picha ya amani. Akatoka nje na kofia yake, akasimama karibu na Mama wa Kiti, ambaye naye alikuwa na kofia. Wote wana miwani, wote wanene kiasi, wote weusi kama sisi. Binti yangu akapiga picha kwa simu.

"Cheka kidogo," meneja akamwambia mwenzake kwa pembeni ya mdomo.

"Nitacheka hiyo mashine ikianza kutoa baridi," Mama wa Kiti akasema.

Kwa hiyo kwenye picha kuna mmoja meno yote nje na mmoja amekunja uso kama anayengoja kudanganywa. Binti yangu akaiweka kwenye grupu. Prezida akajibu kwa vidole gumba vingi na maneno: "Kazi nzuri yetu."

Yetu!

Baadaye Mama wa Kiti alianza kuumwa. Mara ya mwisho alikuja kwangu akakaa kwenye kiti chake, akala sombe, kisamvu chetu, sahani mbili, akaniuliza kama mashine za kufulia za pale chini zimetengenezwa. Nikamwambia bado, bado tunafua kwenye bafu. Nafua mashuka ya hoteli Irving kutwa, narudi nyumbani nafua yangu kwa magoti.

"Hilo ndilo linalofuata," akasema. Alipoinuka nikakishika kiti nimbebee mpaka garini. Akakataa. "Kiache hapo, beibi. Wakikiona kwako watajua narudi."

Hakurudi. Mdogo wake wa kike alimchukua Houston, akamuuguza huko, akafia huko.

Kwetu mtu mkubwa akifa mnavaa sura yake. Mnachapisha kitambaa au fulana, mnavaa wote, mnaimba, ili ukoo wake uone kwamba marehemu alikuwa na watu. Hatukuwa na kingine cha kumpa. Nikasema kwenye grupu, tuvae. Wote wakakubali. Prezida akaandika: "Niachieni mimi. Mimi ndiye nilikuwa wa karibu naye."

Ningejua kusoma watu kama ninavyojua kusoma lebo za mashuka, ningemkatalia hapo hapo.

Alitaka iwe siri. Alisema mkipewa mapema mtavaa sokoni. Tukasafiri hadi Houston hatujaziona. Njiani harufu ya sufuria la sombe ilikuwa imetawala vani yetu. Binti yangu, anayeendesha huku akijibu kila kitu kwa Kiingereza, alifungua madirisha yote. Kanisani tukachelewa, ibada imeanza, na ndipo Prezida akafungua maboksi yake kwenye maegesho, anatupa fulana kama anagawa msaada kambini.

"Haraka, haraka, wametuita! Vaeni juu ya nguo!"

Ukivaa sura kifuani mwako na ukaitazama, unaiona kichwa chini miguu juu. Na mgongoni kulikuwa na maandishi, "Pumzika Mama Yetu," na kwenye mstari kila mtu anafuata mgongo wa mwenzake. Mimi nilikuwa wa mwisho, na sufuria. Nikaona migongo tu. Ni tulipofika mbele tukageuka kuwatazama watu, Prezida akapewa kipaza sauti, ndipo nikachungulia pembeni nikaiona sura kwenye kifua cha jirani yangu, yule wa rozari.

Meno yote nje.

Nikamnong'oneza, "Mama, hii sura ya nani?"

"Si ya marehemu?"

"Ile haiko yake! Ni meneja!"

Akajitazama. "Kumbe! Mimi nilizani ni picha yake ya zamani, mbele ya kuchoka."

Nusu ya mstari walikuwa wamedhani hivyo. Hakuna aliyeuliza. Kwetu huulizi kwa nini marehemu amependeza.

Kazini Irving bosi wetu Mzungu ananiita kwa jina la mwenzangu wa Eritrea, ambaye ananipita kichwa kizima. Tunacheka kila siku, tunasema hawa watu kwao Mweusi ni mmoja tu. Basi siku ile sisi wenyewe, weusi kwa weusi, tulimvalisha marehemu sura ya adui yake na kumsindikiza nayo kwa Mungu.

Na Prezida hamalizi! Kwenye makanisa ya Weusi wa Marekani kila msemaji ana dakika mbili, imeandikwa kwenye karatasi, hata askofu anatii. Yeye alisema alikula naye sahani moja. Alisema alimwita dada. Alijipiga kifua, hii sura, hii sura. Mpiga kinanda akaanza kupiga taratibu, ambayo kwao ni adabu ya kukwambia ukae. Prezida akadhani anasindikizwa, akapandisha sauti. Mpiga kinanda naye akapandisha. Walishindana hivyo mpaka mzee mmoja mwenye glovu nyeupe akaja akamshika kiwiko.

"Tuimbe tu," nikawaambia wenzangu. "Muimbe sana. Wakisikia hawataona."

Tukaimba. Mungu anajua tuliimba. Lakini benchi la tatu ile karatasi ya kujipepea ilikuwa imesimama hewani. Meneja alikuwa amejiona.

Benchi la kwanza alikaa mdogo wake marehemu, mwanamke mwembamba, macho yale yale ya dada yake. Alitutazama mmoja mmoja kifuani, kutoka mwanzo wa mstari mpaka kwangu. Akafungua mkoba, akatoa leso, akairudisha bila kuitumia.

Baada ya maziko, kwenye ukumbi wa chakula, alikuja nilipokuwa nagawa sombe. Aliongea taratibu ili nielewe, na nilielewa bila binti yangu.

"Dada yangu alikuwa akinihadithia habari zenu kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili. Nilidhani mnamjua." Akaitazama fulana yangu. "Kuna hata mmoja wenu aliyemjua?"

Nilikuwa na maneno, kwa Kiswahili. Nilitaka kumwambia karanga. Nilitaka kumwambia alivyojifuta jasho kwa kitenge changu na sijakifua tangu afe. Kiingereza kilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Binti yangu alikuwa amepeleka wazee chooni. Nilipompata na kurudi naye, yule mama ameshaondoka. Sahani yake ya sombe ilikuwa mezani, haijaguswa.

Hicho ndicho ninachodai, msomaji, usije ukapotea njiani. Si fulana. Ni lile swali, limebaki Houston bila jibu.

Nikiwa bado nimesimama na mwiko, meneja akanijia. Tabasamu hakuna. Kofia ya zambarau imekaa upande. Akamwambia binti yangu kwa sauti ya chini, "Muulize mama yako wanataka nini safari hii."

"Anauliza tunataka nini," binti yangu akasema.

"Tunataka nini vipi?"

"Anasema sura yake tena iko kwenye vifua vyenu. Anasema hajui kosa lake. Taa za ngazi ameshatengeneza. Anadhani ni maandamano."

Nilimtazama meneja. Alidhani Mama wa Kiti ameyapanga haya kitandani, kabla ya kufa, ili amwandame hata akiwa jenezani. Na kusema kweli, angekuwa na nafasi angefanya hivyo.

Nikanyanyua mwiko. Sijui aliyenipa maneno, ila Kiingereza kilichokuwa kimekwama kilitoka chenyewe, maneno mawili tu: mashine za kufulia.

"Wiki hii," meneja akasema upesi. "Wiki hii hii. Wallahi" — hapana, hakusema wallahi, lakini uso wake ulisema. "Ila hizo fulana mzivue."

"Mashine kwanza," nikasema.

Zilikuja. Mpya, na zinaongea, zinakwambia nguo zimekauka. Mama wa Kiti alishinda akiwa amelala. Ningecheka, na nilicheka, nikifua mapazia yangu yote hata yaliyokuwa safi. Basi hadithi ingeishia hapo kama Prezida angenyamaza.

Hakunyamaza. Aliandika kwenye grupu kwamba ile ilikuwa mbinu. Kwamba yeye alichagua sura ya meneja makusudi, "kumshinikiza," na sisi wengine hatuna akili ya kisiasa ndiyo maana hakutueleza. Watu wakampa vidole gumba. Wanaongelea kumpa muhula mwingine.

Nikampigia. Safari hii hakuwa njiani.

"Papa Prezida, wewe ulijua ile sura ni ya nani?"

"Mama, achana na ile mambo. Mashine si zimekuja?"

"Ulijua?"

Kisha akasema, na nilimsikia akifunga mlango ili mkewe asisikie, "Sikiliza, mama. Picha ya marehemu inapaswa kuwa ya kuchekacheka. Pale walikuwa wawili. Mmoja anacheka, mmoja amekasirika. Nilijua yule wa kukasirika ndiye meneja."

"Alikuwa amekasirika kwa ajili yetu!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Hilo ndilo jibu, na ni la kweli. Angejuaje? Kujua kulitaka aje akae.

Nikamwambia aende Houston akaliseme hilo hilo kwa mdogo wake marehemu, asipunguze neno. Akasema prezida haombi msamaha kwa jambo lililofaulu. Akasema atatuma ujumbe wa simu. Akasema mashine ya kuchapisha ndiyo ilichanganya. Akakata.

Basi Jumapili baada ya ibada nilikitoa kiti nyuma ya mlango. Binti yangu akani-drive mpaka DeSoto. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia vaa viatu. Nikakikunjua kiti kwenye saruji, nyuma ya gari la Prezida, nikabonyeza kengele, nikarudi nikakaa. Kengele yake ina kamera na inaongea.

"Mama?" ikasema kwa sauti yake. "Nani amekufa tena?"

"Hakuna. Nimekuja kukaa."

"Kukaa aje?"

Nikapasua karanga. Maganda kwenye mkoba.

"Mama, majirani wanaona."

"Wana macho."

Pazia likasogea, likarudi. Baadaye mkewe akatoka na glasi ya juisi na ndizi za kukaanga, akainama kana kwamba anapangusa glasi. "Kaa, yaya," akaninong'oneza, yaani dada mkubwa. "Na mimi nimemwambia. Kwangu hasikii." Akaniongezea ndizi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili niko pale. Jirani wa ng'ambo, mzee Mweusi wa hapo hapo DeSoto, alikuja kuuliza kuna nini. Binti yangu akamweleza yote, karanga, meneja, fulana. Mzee akacheka mpaka akashika uzio, kisha akaacha kucheka. Jumapili iliyofuata alikuja na kiti chake.

Papa Prezida, najua haya utayasoma, maana kila kitu unakisoma na kukipa kidole gumba. Sikudai kura. Sikudai fulana nyingine. Nani alichagua ile sura? Mimi usinijibu, mimi najua. Kamjibu yule mama wa Houston, uso kwa uso, kwa mdomo wako: kwamba wewe ndiye hukumjua dada yake, na kwamba sisi wengine tulimjua, hata alivyokunja uso tulimjua. Mwambie na habari ya karanga. Kiingereza unacho.

Gari lako liko mbele yangu. Siku utakapotoka na funguo ukasema unakwenda Houston, nitasogeza kiti.